Pumzi Puani mwa Mbuzi

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu binadamu yeyote, Kasilda huchuchumaa mbele ya mbuzi wake, humshika masikio yote mawili na kumpulizia pumzi puani. Mbuzi hupiga chafya. Kasilda hujifuta uso kwa kitenge na kusema, "Nawe pia," ndipo siku inaanza.

Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Mnyama akishaivuta pumzi yako, walisema, hakusahau hata akiibiwa. Kasilda huongeza la kwake: katika ndoa yake yote, marehemu mumewe hakuwahi kumwamkia na kinywa kisafi kama cha mbuzi, kwa hiyo asubuhi za ujane zimekuwa na nafuu.

Mbuzi mwenyewe anaitwa Mama Mkuu. Ni mweusi mwili mzima, ila kichwani ana baka jeupe linaloshuka hadi shingoni kama kitambaa cha sista, na hutembea uani taratibu akikagua vyungu vya watu. Tena ukoo wake ni wa Mutoyi, kwenye misheni. Katekista alipomshauri Kasilda abadilishe jina hilo, alijibiwa kwamba mbuzi ameshaulizwa, na amesema hawezi, kwa sababu ameweka nadhiri. Muda si muda Mama Mkuu akaonekana ana mimba. Katekista hakurudia tena mazungumzo hayo.

Kilima anachokaa Kasilda kiko Butihinda, mkoani Muyinga, upande ambao ukipanda juu kidogo unaiona Tanzania. Yeye aliiona kwa karibu zaidi ya hapo: alivushwa mpaka mgongoni mwa mama yake akiwa hajaota meno, akarudi akiwa na wajukuu na meno mengine yameshaondoka. Kule aliitwa Mrundi. Huku, siku aliposhushwa na lori pamoja na sufuria zake, akaitwa Mtanzania. "Nimetembea dunia nzima," husema, "na kila ninapofika naambiwa nimetoka ng'ambo."

Shamba la baba yake alilikuta lina migomba ya mtu mwingine. Mtu huyo ni Venansi, ambaye hakukimbia vita hata siku moja, na ambaye aliamini kabisa kwamba wenye shamba wamekwisha. Wazee walilikata katikati kwa kamba, wakapanda safu ya minyaa kuwa mpaka. Tangu hapo Kasilda na Venansi wakawa wanasalimiana kila siku juu ya minyaa ile kwa adabu kamili, kama wake wenza mbele ya wageni. Hakuna aliyewahi kuuvuka.

Mbuzi wa kwanza wa Kasilda alikufa mvua za kwanza tu baada ya kurudi. Aliyemwondolea msiba huo ni Christina, rafiki yake wa kambini, ambaye walikaa naye mlango kwa mlango wakigombania kivuli na kuazimana chumvi. Christina alikuwa amerudi kwao Gishubi, mkoani Gitega. Aliposikia habari, alikuja safari yote ile na kitoto cha mbuzi chenye kitambaa cha sista. Kwa Kirundi tendo hilo huitwa gushumbusha: aliyefiwa na mnyama hupewa mwingine, zizi lisilale tupu. Hakuna anayedai, ila hakuna anayesahau.

Na Kasilda hakusahau. Maishani mwake alikuwa amepokea mahindi ya njano ya kambini, mablanketi ya wafadhili, mabati ya serikali na nusu ya shamba la baba yake mwenyewe. Alikuwa amechoka kupokea. Alitaka siku moja tu ambayo yeye ndiye angebisha hodi akiwa na kitu mkononi, mtu mwingine aseme asante.

Mama Mkuu alipozaa jike, Kasilda alimwita Novisi, kama sista ambaye bado hajaweka nadhiri, akamweka akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Siku ikaja, lakini ikaja mwaka wa homa ya Bonde la Ufa.

Habari ililetwa kilimani na Fredi, mganga wa mifugo wa komini, serikali ya pale. Alifika kwa pikipiki akiwa na kipaza sauti kilichokwisha betri, akakiweka mdomoni hivyohivyo, labda kwa heshima ya kazi.

"Ugonjwa uko kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe," alisema. "Mbu anamuuma mgonjwa, kisha anamuuma mzima. Mnyama anatupa mimba. Na mtu naye anaupata, akigusa damu, akigusa kitoto kilichotupwa, akinywa maziwa mabichi. Kuanzia leo hakuna kuuza, hakuna kuchinja, hakuna kuhamisha mnyama hata kilima cha pili."

Mzee mmoja akataka kujua kwa nini siku hizi kila ugonjwa unatoka kwa wanyama. Fredi alifurahi kuulizwa, maana watu kwa kawaida humuuliza bei ya dawa tu. Akaeleza kwamba si siku hizi, ni tangu zamani; kuna yaliyotoka kwa popo, kuna ya nyani, kuna ya kuku na bata. Mnyama mwingine hukaa na kirusi chake miaka yote bila hata mafua. Mtu akimsogelea mno, kirusi kinahama, na huko kinakohamia hakikuti mwili uliokizoea.

"Kama wakwe," akasema Kasilda. "Kwao wazima, wakihamia kwako unaugua wewe."

Watu walicheka. Venansi alisimama akisubiri wamalize.

"Mi naona hii ugonjwa imetoka Tanzania," alisema. "Kitu mubaya yote inatokaka kule. Kipindupindu ilitoka kule. Hata hawa watu."

"Hata sukari unayotia kwenye chai yako," akasema Kasilda. "Hiyo nayo itapike."

"Mbu hana pasipoti, bwana Venansi," Fredi aliingilia, na kwa kuwa alikuwa amesahau kutumia kipaza sauti, safari hii alisikika vizuri.

Haikupita wiki, Venansi akavuka minyaa. Ilikuwa asubuhi, Kasilda anamenya mihogo, akamwona anapenya kwa ubavu huku ameinua mikono juu utomvu usimchome machoni.

"Mama Kasilda." Hakusema Mtanzania. "Mbuzi yangu iko inasukuma tangu jana. Inashindwa."

"Umemwita Fredi?"

"Fredi ataiandika. Akishaiandika, wataiua."

"Na mimi nikija?"

Venansi aliangalia vidole vya miguu yake. "We uko na mukono."

Ni kweli, alikuwa nao. Kambini ndiye aliyeitwa mbuzi akikwama, na mara moja aliitwa kwa mwanamke, wauguzi walipokuwa mkutanoni wakijadili namna ya kupunguza mikutano. Alijua pia maneno yote ya Fredi, moja baada ya jingine. Alichukua mafuta ya mawese, akapitia pale pale alipopita Venansi.

Alikitoa kitoto kwa mikono mitupu, na damu ikamfika viwikoni. Kilitoka kimelegea kama kitambaa cha kudekia. Kasilda akakisafisha pua kwa kidole, akaweka mdomo wake pale, akapuliza. Akapuliza tena. Mbavu zile ndogo zilipanda na kushuka kwa pumzi yake yeye, naye alipoacha, nazo zikaacha. Akaendelea muda mrefu kuliko alivyowahi kumpulizia mbuzi yeyote. Kisha akakilaza juu ya majani ya mgomba.

"Pole, jirani," alisema.

Venansi alimletea maji ya kunawa kwenye bakuli la maua, lile analoletewa padri. Kitoto kikazikwa nyuma ya choo, mama yake akapona akaanza kula, na Fredi hakuambiwa kitu na upande wowote wa minyaa.

Siku chache baadaye Christina akapiga simu kutoka Gishubi.

"Yule mbuzi wangu hayupo. Amegongwa na lori la bia."

"Alikuwa amelewa?"

"Dereva?"

"Mbuzi."

Walicheka wote wawili. Kicheko kikaendelea kula pesa za simu, lakini Kasilda alijua zizi la mwenzake limelala tupu.

Marufuku aliijua. Lakini aliona marufuku imewekwa kwa wafanyabiashara na kwa mbuzi wagonjwa, na Novisi hakuwa mgonjwa wala hakuwa wa kuuzwa. Msiba nao, alijiambia, hausubiri tangazo la redio. Alfajiri alimpulizia Mama Mkuu, akamwomba Venansi amtazamie kwa siku mbili, akamvisha Novisi kofia ya sufu ya mjukuu wake na kumfunga mgongoni kwa kitenge.

Mjini Muyinga mchoma brosheti wa stendi alikuwa anageuza ndizi mbichi kwenye vijiti vilevile vya nyama, uso wake kama wa mfiwa. Kasilda alimpa pole, akapanda gari la Gitega. Kando yake aliketi Mwajuma, mwanamke wa Kiislamu wa mjini hapo anayeuza vitenge. Walizungumza bei ya vitenge, ndoa za watoto, wakarudi tena kwenye bei ya vitenge. Walipopita vilima kadhaa, Mwajuma akasema kwa sauti ya chini, macho mbele:

"Dada, huyu mtoto wako ana kwato."

"Za kurithi."

"Kwa baba?"

"Kwa baba. Upande wetu sisi tuna vidole."

Mwajuma alifikiri. Kisha akavuta kitenge kimoja kwenye furushi lake, akazifunika kwato.

Karibu na Karuzi palikuwa na kizuizi. Kijana mwenye koti jeupe na mabuti ya mpira aliingiza kichwa garini.

"Bonjuu, wamama. Ni kontrole. Hakuna mbuzi? Hakuna kondoo?" Aliinama akatazama chini ya viti vyote, akabinya magunia, akafungua hata ndoo ya mtu yenye maharage. Alikuwa anatoka ndipo Novisi akasema mee.

"Ni nini hiyo?"

"Mtoto anaumwa," akasema Kasilda.

"Anaumwa nini?"

"Kifaduro," akasema Mwajuma. "Kilianza kwa wangu. Hata mume kilimpata, mtu mzima, akawa anakohoa hivyohivyo."

Kijana alirudi nyuma hatua moja, akajifunika mdomo kwa mkono. "Mumupeleke kwa daktari," alisema, na kulipiga gari kofi liende.

Gari zima lilicheka mpaka Bugendana, isipokuwa Kasilda, aliyekuwa analoa jasho na kichwa kinamgonga. Alidhani ni woga umemkawia. Sasa anapokisimulia kisa hiki, hapa ndipo husimama ajisifu kidogo: mbuzi alitafutwa hadi ndani ya maharage, na homa yenyewe imekaa kitini, imefunga kilemba kizuri, imelipa nauli, na hakuna aliyeijulia hali.

Gishubi alifika kwa pikipiki, akishikilia mabega ya dereva. Christina alimwona tangu barabarani akaja mbio, mikono imefunguka. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa ameketi mjukuu wake Upendo, anayesoma biolojia chuo kikuu, ambaye amekuja likizo na mfuko wa vitabu na ambaye maneno yake ya siku nzima hayajazi kijiko cha chai. Upendo aliinua macho kutoka kitabuni. Aliona kofia ya sufu, aliona pua iliyochungulia chini ya kofia, kisha akaona macho ya Kasilda, mekundu kama pilipili.

"Bibi, usimguse," alisema.

"Nani, mbuzi?" Christina akauliza.

"Wote wawili."

Akaingia ndani na simu. Christina alibaki katikati ya uwanja, mikono bado imefunguka, haina cha kukumbatia.

"Mgeni ananiletea mbuzi, wewe unaita serikali?" alipaza sauti kuelekea mlangoni.

"Ulimsomesha mwenyewe," akasema Kasilda, akakaa chini kwenye vumbi.

Walikuja na magari mawili. Novisi akapelekwa kwenye chumba kitupu cha komini, Kasilda akapelekwa Gitega mjini, wodi ya peke yake. Wote wawili walitolewa damu, na wote wawili wakawekwa chini ya chandarua, mbu asije akachota huku na kumwaga kule. Cha Novisi kilikuwa kipya. Cha Kasilda kilikuwa na tundu lililozibwa kwa plasta, jambo alilolilalamikia hata homa ilipokuwa kali na maneno mengine hayatoki sawasawa.

Christina alikuja kila siku na uji, akakaa mbali alipoelekezwa. Walichokuwa wanasubiri wote walikijua. Gishubi ugonjwa ulikuwa haujafika. Damu ya Novisi ikionekana mbaya, angeuawa na kufukiwa kwenye chokaa, na mbuzi wa Christina mwenyewe, kama angekuwa naye, angefuata.

"Akifa huyu nitakuletea mwingine," Kasilda alisema.

"Usithubutu. Nitakupa pole mimi, kisha utanipa pole wewe, tutaendelea hivi mpaka mbuzi waishe Burundi."

Watu wa afya nao walikuja na maswali. Je, alikunywa maziwa mabichi? Hapana, maziwa yanamletea gesi. Alichinja? Hapana. Alikula mzoga? Alitaka kwanza ajulishwe kama wanahesabu samaki wa kopo wa kambini. Alimzalisha mnyama yeyote? Hapo akafumba macho, akasema kichwa kinamuuma. Na kweli kilimuuma, ila pia aliwaona Fredi na kalamu yake na mbuzi wa Venansi kwenye kamba. Alikuwa ameombwa msaada na jirani. Hangemlipa kwa kumtaja. Kwa hiyo watu wale waliandika kwamba mgonjwa ni mkimbizi aliyerejea kutoka Tanzania na kwamba chanzo hakijulikani. Mmoja wao akauliza ni lini mara ya mwisho alivuka mpaka. Kasilda akasema, "Juzi. Wa minyaa." Wakaona homa imempanda, wakamwacha alale.

Matokeo yalikuja pamoja. Novisi alikuwa mzima kabisa. Kasilda ndiye aliyekuwa na homa ya Bonde la Ufa.

"Kwa hiyo mbuzi amesafiri na mgonjwa," alisema Kasilda, "halafu mkamfunga mbuzi."

Siku ileile, Venansi akampigia simu. Upendo alikuwa amekuja na uji badala ya bibi yake, akaiwashia simu ile spika kwa sababu Kasilda alikuwa bado anasikia ngoma masikioni.

"Mama Kasilda, hii Mama Mkuu yako inakataa kula."

"Amekuwaje?"

"Iko muzima. Inaniangalia tu. Inaleta pua." Akakohoa. "Mwishowe nilipuliza kidogo. Ikakula."

Upendo akafumba macho kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Ingine kitu," Venansi akaendelea. "Nilisikia iko wanasema ugonjwa umeleta we kutoka Tanzania. Nikaenda kwa Fredi. Nikamuonyesha nyuma ya choo. Wamepima mbuzi yangu, ni yenyewe. Lakini hawakuua. Wamefunga peke yake, na mi wamenipima, sina. Basi. Upone."

Simu ikakatika. Kasilda aliutazama mlango, kisha dirisha, kisha tundu la chandarua, kama anayetafuta mahali pa kuweka uso.

Alipopona, marufuku ilikuwa bado haijaondolewa, na Novisi alikaa komini akila kwa gharama ya serikali mpaka akanenepa. Ilipoondolewa, Kasilda alirudi Gishubi, akamtoa mwenyewe kwa kamba mpya, akambishia Christina hodi kwa kelele ya kuamsha kilima, ingawa Christina alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi anamsubiri. Christina alisema asante. Kasilda akamwomba aseme tena, kwamba sikio moja halijapona. Christina akasema tena. Kisha akainama, akamshika Novisi masikio, na Upendo, aliyekuwa amekaa na kitabu chake pale pale mlangoni, akasafisha koo. Christina akayaachia masikio.

Upendo hakuwa amemuuliza Kasilda kitu chochote tangu siku ya kwanza, si wodini, si njiani. Wengine walikuwa wameuliza yote, na baada ya simu ya Venansi Kasilda alikuwa amewajibu yote, hadi ile pumzi. Sasa Christina alikwenda kumfunga Novisi zizini, nao wakabaki wawili, na msichana akafunga kitabu.

"Bibi Kasilda, kile kitoto cha mbuzi wa Venansi, ulipokipulizia, ulijua kimeshakufa?"

"Nilijua," akasema Kasilda. "Ila Venansi alikuwa amesimama pale ananitazama."